Kibiti na Delta ya Rufiji: Siku Mbili Kusini mwa Dar

Wakenya wengi wakishavuka Lunga Lunga, safari yao huishia Dar es Salaam au Unguja. Mwenye muda wa ziada hupanda basi la kusini pale Mbagala Rangi Tatu akaangalie magofu ya Kilwa, na Kibiti humpita akiwa amesinzia. Hana lawama. Kibiti ya dirishani ni stendi, mikorosho, wauza machungwa na bodaboda. Huoni ngome wala msikiti wa mawe. Historia ya huku imelala matopeni, upande wa mashariki, pale mto Rufiji unapogawanyika mikono mingi kabla ya kumwagika baharini mkabala na Mafia.

Mtu wa Mombasa ana sababu yake ya kwenda. Mzinga wa Kijerumani unaoonyeshwa Fort Jesus ulitoka ndani ya delta hii. Manowari Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha, mitambo ikiwa mibovu, ikajificha mikokoni. Vipuri vya injini vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, vikarudishwa kwa njia ile ile. Waingereza wakaziba milango ya mto, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia: maji ni haba. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, meli zenye tumbo bapa, huku ndege zikiruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 nahodha Max Looff akaamuru meli yake mwenyewe izamishwe. Wajerumani hawakukata tamaa na chuma chao. Waliiopoa mizinga yote kumi, wakaifunga magurudumu na kupigana nayo vita vya bara. Meli yenyewe ilikatwakatwa kuwa chuma chakavu miaka ya 1960, na kilichobaki kimemezwa na tope.

Kwa hiyo simshauri mtu aende kwa ajili ya meli peke yake. Cha kutazama ni msitu. Delta ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na hakuna msitu wa mikoko ulioungana unaoufikia kwa ukubwa katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Kwa mbali ni ukuta mmoja wa kijani. Ukiwa na mwenyeji ndani ya mtumbwi, anaanza kuutenganisha: huu mkoko wenye mizizi ya matao, huu mchu, ule mkandaa, na kule juu, maji yanakopungua chumvi, msikundazi na mkomafi. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa boriti ni nini. Za Rufiji zilipakiwa majahazini kwenda Zanzibar na Arabuni vizazi na vizazi. Siku hizi ukataji unataka kibali, na ugomvi mkubwa uko kwingine: wakulima wanaofyeka mikoko wapande mpunga mahali maji baridi yanapofika. Serikali inaona msitu unaisha, mkulima anaona shamba la babu yake. Mimi sioni nani kati yao atakayeshinda kwa amri.

Njia ya kuingia ni kuchepuka Bungu hadi Nyamisati, bandari ya watu wa Mafia, na hapo kukubaliana na mwenye boti. Bei huzungumzika, maji hayazungumziki. Wakati wa bamvua yanapwa hadi vijito vinabaki tope tupu, na chombo kilichochelewa hungoja hapo hapo mpaka yajae tena, mbu wakiwa wenyeji. Vijiji kama Salale, Msala na Kiongoroni vinaishi kwa saa hizo, na kwa kamba, kaa na mpunga. Pita kwanza ofisi ya kijiji. Mauaji ya viongozi wa vijiji na askari yaliyoitisha Kibiti mwaka 2017 yamekoma, lakini mgeni asiyejulikana bado anaulizwa maswali, na ni haki yao.

Siku ya pili elekea Ikwiriri. Mbele yake ni Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Kabla yake, pantoni ya Ndundu ikikwama, kusini yote ilikatika. Pembeni ya mto kuna maziwa madogo, Ruwe, Zumbi na Utunge miongoni mwao, yanayojazwa na mafuriko na kuwapa watu perege na kambale. Mashambani utaona madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, mwenye mpunga akilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe pori. Kusini zaidi ni Mohoro, alikonyongwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe Agosti 1905, yule wa vita vya Maji Maji tuliyemsoma shuleni.

Mazungumzo ya kila kibanda cha chai, hata hivyo, ni bwawa la Julius Nyerere huko juu, lenye mitambo ya megawati 2,115. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na wengi wakalinyooshea bwawa kidole, huku serikali ikisema ni mvua. Swali gumu zaidi ni la miaka ya kawaida: mto ukishafungwa breki, maziwa yale yatajazwa na nini?

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika barabara ya Nyamisati huteleza, na hata wenyeji huahirisha safari.