Jiwe Lipi la Grinda Lafaa Pesa Yako?

Siku hizi si ajabu kusikia mlio wa grinda katika mashamba ya skimu. Lango la boma lataka bawaba mpya, kihori cha ng'ombe chataka chuma, mkokoteni umevunjika, na mwenye shamba au fundi wake huchukua grinda akaimaliza kazi kabla chai haijapoa. Wazee waliopewa mashamba yao miaka ya 1960 walikata chuma kwa msumeno wa mkono, na wengine bado wameutundika ukutani. Lakini umeme ulipozidi kuenea vijijini, hasa baada ya mpango wa Last Mile ulioanza mwaka wa 2015, grinda nazo zilienea.

Grinda yenyewe huinunua mara moja. Jiwe lake hulinunua tena na tena, na hapo ndipo pesa huvuja. Hapo pia ndipo macho na vidole hupotea.

Basi tuseme umefika katika duka la vifaa, bwana mkulima. Mwenye duka anakuwekea mezani mawe mawili ya inchi nne na nusu. Moja ni Sh. 60/-, la pili ni Sh. 150/-. Yote mawili ni meusi, ni mviringo, yana tundu katikati. Wengi wetu huchukua lile la Sh. 60/- na kwenda zetu, tukidhani kwamba tumeokoa Sh. 90/-. Pengine tumeziokoa. Pengine tumezitupa pamoja na nyingine. Huwezi kujua kwa kutazama bei tu.

KABLA YA BEI, SOMA MAANDISHI

Geuza jiwe uone upande wenye karatasi. Ni lazima uone ukubwa wake, mwendo wake, na kitu linachokata. Ikiwa halina maandishi hayo, mrudishie mwenye duka, hata kama analiuza kwa Sh. 20/-.

Jiwe zuri la kukatia chuma kwa grinda ya mkono huandikwa 80 m/s. Maana yake ni kwamba ukingo wake waweza kwenda mita 80 kwa sekunde pasipo kupasuka. Hiyo ni sawa na kilomita 288 kwa saa, na hakuna matatu iendayo hivyo, hata ile ya dereva unayemjua. Jiwe la inchi nne na nusu lenye mwendo huo huandikwa pia mizunguko 13,300 hivi kwa dakika. Jiwe la inchi tisa huandikwa mizunguko 6,600 hivi tu, kwa sababu jiwe kubwa likizunguka mara moja ukingo wake umekwenda mbali zaidi.

Sasa angalia kosa ambalo huonekana katika karakana nyingi. Fundi anayo grinda ndogo, ambayo kwa kawaida huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Anataka kukata chuma kinene, na jiwe dogo halifiki. Basi anafungua kinga ya chuma, anaitupa kando, na kufunga jiwe la inchi tisa. Fanya hesabu mwenyewe: ukingo wa jiwe hilo sasa unakwenda mita 132 kwa sekunde, hali limetengenezwa kwa mita 80. Na nguvu inayolivuta lipasuke haiongezeki kidogo kidogo kama mwendo. Imekuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Likipasuka, vipande havichagui pa kwenda, na kinga ambayo ingevizuia imelala chini. Msumeno wa meno wa kukatia mbao nao si wa kufungwa katika grinda, ingawa tundu lake hukubali.

Tena tazama pete ndogo ya chuma iliyo katikati ya jiwe. Mawe yaliyotengenezwa kwa kufuata kanuni ya Ulaya iitwayo EN 12413 hupigwa chapa hapo ya mwezi na mwaka wa mwisho wa kulitumia, kwa mfano 06/2027, na mara nyingi herufi V hutangulia. Muda huo hauzidi miaka 3 tangu jiwe kutengenezwa. Wako watu wanaocheka wakisikia kwamba jiwe huharibika kama maziwa. Lakini hili si jiwe la mlimani. Ni punje ngumu zilizoshikwa kwa gundi na wavu wa nyuzi, na gundi hiyo hunyonya unyevu. Ikizeeka au ikilowa, punje hazishikwi vizuri. Mara nyingine jiwe linalouzwa kwa bei ya kutupa ni jiwe zuri ambalo siku zake zimekwisha.

JEMBAMBA NA NENE

Mawe ya kukatia huwa ya unene wa milimita 1, au 1.6, au 2.5 hadi 3. Mkulima akishika lile la milimita 1 huona kama anauziwa karatasi. Atachukua lile nene, akiamini kwamba kitu kinene hudumu.

Lile jembamba hukata upesi zaidi, kwa sababu chuma linachokiondoa ni kidogo. Ukikata mara 100 kwa jiwe la milimita 3, sentimita 30 za chuma ulichokinunua zimegeuka vumbi na cheche. Kwa jiwe la milimita 1 umepoteza sentimita 10 tu. Tena chuma hakipati moto sana, na pale palipokatwa hapabaki na meno makali yanayohitaji kusuguliwa tena. Kwa mabomba ya mraba, chuma bapa na chuma cha pembe cha kawaida, jembamba ndilo la kununua.

Lakini jembamba halipendi mkono mzito. Ukilipinda ndani ya mkato, au chuma kikilibana, huvunjika. Kwa hiyo funga chuma imara, na uache kile kipande kinachokatwa kianguke chenyewe. Ukikitegemeza pande zote mbili kitainama katikati na kulibana jiwe. Kijana anayeanza kujifunza afadhali apewe la milimita 1.6 kwanza.

Kuna jambo moja ambalo jiwe la kukatia, jembamba au nene, halikutengenezwa kulifanya kabisa: kusugua kwa ubavu. Kwa kusugua, nunua jiwe nene la kusagia, ambalo huwa la milimita 6 hivi na limebonyea katikati. Yule anayekata chuma kisha akageuza grinda na kunolea panga kwa ubavu wa jiwe lile lile analila jiwe lake mbavu, na siku atakapokata tena, litapasuka mkononi mwake.

PUNJE NA GUNDI

Herufi A humaanisha punje za alumini oksaidi, ambazo hutengenezwa kwa kuyeyusha bauksiti katika tanuru ya umeme. Hizi ndizo za kawaida kwa chuma. Herufi C ni silikoni kabaidi, ambayo Edward Acheson wa Marekani aliigundua mwaka wa 1891. Hiyo ni ya mawe na saruji, wala si ya chuma. Ukinunua C kukatia lango, umenunua hasara. Yako pia mawe ya zirkonia, mara nyingi yameandikwa ZA, ambayo ni ghali zaidi na hudumu zaidi, hasa kwa kusaga chuma kinene. (Zirkonia hutoka katika madini ya zirkoni. Hata sisi tuliyachimba katika mchanga wa Kwale, tangu 2013 hadi mwisho wa 2024.)

Baada ya herufi hizo huja namba, kama 46 au 60. Namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa. Kisha huja herufi ya ugumu wa gundi, kama R, S au T. Kadiri inavyokaribia Z, gundi ni ngumu zaidi. Hapa wengi hukosea wakidhani kwamba ngumu ndiyo bora. Punje zikiisha makali ni lazima gundi iziachilie, ili punje mpya zitokeze. Gundi ikiwa ngumu mno, punje butu hubaki mahali pake, jiwe hung'aa kama kioo, na badala ya kukata husugua tu na kuunguza chuma. Jiwe la namna hiyo haliishi upesi, na mwenye nalo hulisifu. Wakati huo huo fundi wake amesimama jua kali akilikandamiza, na mita ya umeme inazunguka.

FANYA JARIBIO LAKO

Njia ya kujua ukweli si ngumu. Nunua jiwe moja la kila aina. Tumia grinda moja, mtu mmoja, na chuma cha namna moja. Andika idadi ya mikato mpaka jiwe liwe dogo hata halipenyi tena, na utazame saa kila unapokata. Daftari la maziwa latosha kwa kazi hii.

Huu ni mfano tu wa hesabu, si bei za duka lako. Tuseme unamlipa fundi Sh. 1,200/- kwa siku ya saa 8, yaani Sh. 2/50 kwa dakika. Jiwe la Sh. 60/- limekata mara 12, kila mkato dakika moja. Basi kila mkato umekugharimu Sh. 5/- za jiwe na Sh. 2/50 za fundi, jumla Sh. 7/50. Jiwe la Sh. 150/- limekata mara 50, kila mkato nusu dakika: Sh. 3/- na Sh. 1/25, jumla Sh. 4/25. Jiwe la tatu, lile gumu, ulilinunua Sh. 100/- nalo pia limekata mara 50, lakini kila mkato ulichukua dakika moja na nusu: Sh. 2/- na Sh. 3/75, jumla Sh. 5/75.

Ukijenga zizi lenye mikato 100, la kwanza limekula Sh. 750/-, la pili Sh. 425/-, na la tatu Sh. 575/-. Tazama hilo la tatu. Limekata sawasawa na la pili kwa idadi, tena bei yake ilikuwa ndogo, na bado limeshindwa kwa sababu ya saa.

Lakini sisemi ununue la ghali siku zote. Kama kazi yako ni bawaba nne kwa mwaka, jiwe la bei ya chini lenye maandishi kamili lakutosha. La ghali litakaa rafuni mpaka siku zake zipite.

PANGA, MAJEMBE NA MIKEBE YA MAZIWA

Wakulima wengi hutumia grinda kunoa kuliko kukata. Kwa panga, tumia jiwe la msasa, lile lenye vipande vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Namba 80 yafaa. Pitisha upesi, kisha pumzisha. Ukiona ukingo wa panga umegeuka rangi ya buluu, joto limefika nyuzi 300 hivi za Selsiasi na ugumu wa makali umekwisha. Panga hilo litanolewa asubuhi na kuwa butu saa sita. Kusema kweli, kwa panga moja au mawili tupa ya mkono bado haijashindwa.

Mkebe wa maziwa wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu usiuguse ndani kwa grinda. Mikwaruzo huwa maficho ya uchafu, na maziwa yatakataliwa kwenye mizani. Na bomba au bati lenye zinki usilikate katika chumba kilichofungwa. Moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku huo huo, na mtu hudhani ni malaria.

Kabla ya kuwasha, vaa miwani ya kazi inayofunika pande zote. Ondoa nyasi kavu na debe la petroli. Jiwe jipya liache lizunguke bure nusu dakika, kinga ikiwa mahali pake, nawe umesimama kando. Chuma kikiingia jichoni, usikubali jirani akichokoe kwa ncha ya kitambaa wala kwa ubua. Funika jicho na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Mawe uyaweke yamelala, mahali pakavu, mbali na sakafu ya udongo. Katika nyanda za baridi kama Kinangop, ghala lenye ukungu huyaharibu upesi. Kwa hiyo usikimbilie kununua kasha zima la mawe 25 kwa ajili ya bei ya jumla, isipokuwa wako majirani wanne au watano wa kugawana nawe. Mkikubaliana, fungueni kasha hapo hapo dukani, mtazame tarehe kwenye pete, ndipo mlipe.