MAKALA: Magari ya Kale na ya Mbio Wakati wa Mvua: Namna ya Kupiga Picha kwa Usalama na Kuhifadhi Historia

Na Mwandishi Wetu, Bomang'ombe

Masika yanapoingia wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, mawingu huuficha mlima kwa siku kadhaa na barabara za udongo hugeuka tope. Kwa msafiri wa kawaida hiyo ni adha. Kwa wapenzi wa magari ya kale na ya mbio, hiyo ndiyo hali iliyoyapa umaarufu mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki.

Mashindano hayo, yanayojulikana leo kama Safari Rally, yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, yakihusisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani ndani ya msimu wa mvua. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 waliomaliza walikuwa 7 tena.

Tanzania ina sehemu yake katika historia hiyo. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi nchini, pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell, walishinda mwaka 1966 na 1967 kwa gari aina ya Peugeot 404. Tangu mwaka 2003, magari ya zama hizo hurejea barabarani katika mashindano ya East African Safari Classic Rally, ambayo katika baadhi ya miaka yamepita pia katika ardhi ya Tanzania.

Mwananchi aliyesimama kando ya barabara miaka ya 1960 aliyaona magari hayo kwa macho, lakini aghalabu hakuwa na kamera. Leo karibu kila mtazamaji ana simu mfukoni. Hiyo ni fursa ya kuhifadhi historia. Lakini pia ni hatari, kwa kuwa anayetafuta picha nzuri husogea karibu zaidi na barabara.

Usalama kwanza

Machi 1986, katika mashindano ya Ureno, gari liliacha njia mahali ambapo watazamaji walikuwa wamejazana kando ya barabara. Watazamaji watatu walifariki dunia na zaidi ya 30 walijeruhiwa. Tukio hilo linafundisha kuwa dereva hodari hawezi kuzuia kila ajali, na barabara ikilowa umbali wa kusimama huongezeka.

Kwa sababu hiyo, mpiga picha anashauriwa kusimama upande wa ndani wa kona, mahali palipoinuka, nyuma ya utepe na kwa kufuata maelekezo ya wasimamizi. Upande wa nje wa kona ndiko gari linalokosa mshiko huelekea. Aidha, asiipe barabara mgongo ili kujipiga picha, na watoto washikwe mkono muda wote.

Kulinda kifaa

Mfuko wa nailoni uliotobolewa tundu la lenzi na kufungwa kwa mpira hutosha kuikinga kamera. Kitambaa kikavu cha pamba kiwekwe mfukoni kwa ajili ya kufuta matone. Anayetoka kwenye baridi ya mvua na kuingia ndani ya nyumba yenye joto aiache kamera ndani ya mfuko uliofungwa hadi joto lake lilingane na la chumba, vinginevyo ukungu utajikusanya kwenye lenzi. Vile vifuko vidogo vya kukaushia unyevu vinavyopatikana ndani ya makasha ya viatu vinafaa kuwekwa kwenye mkoba.

Kupata picha nzuri

Kwa gari lililo kwenye mwendo, zipo njia mbili. Kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde huligandisha gari pamoja na tope linaloruka. Kasi ya 1/60 hadi 1/125, mpiga picha akiigeuza kamera taratibu kulifuata gari, huacha gari likionekana wazi huku migomba ya nyuma ikichorwa kama mistari. Ndiyo inayoonyesha mwendo. Mawingu yakipunguza mwanga, kiwango cha ISO kinaweza kupandishwa hadi 800 au 1600.

Flashi izimwe, kwani huyamulika matone yaliyo karibu na kuyafanya madoa meupe. Vilevile, anga jeupe huidanganya kamera ikatoa picha ya gari lenye giza. Kwenye simu, mpigaji agusegari kwenye kioo, kisha aongeze mwanga kidogo.

Kwa gari lililoegeshwa kwenye maonesho, mvua ni msaada. Matone juu ya boneti huonyesha umbo la bati, na dimbwi hurudisha taswira ya gari zima endapo kamera itashushwa karibu na ardhi.

Sheria na haki

Picha ni mali ya ubunifu inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hivyo si halali kuchukua picha ya mwingine na kuitumia kibiashara bila ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inalinda faragha; ni busara kuomba idhini kabla ya kusambaza sura ya mtu, hususan mtoto. Ndege nyuki haziruhusiwi kurushwa bila kibali cha mamlaka husika, ikiwemo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa wakazi wa Hai, wilaya yenye Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, jambo hili si la kupuuzwa.

Kuhifadhi

Picha isiyo na maelezo hupoteza thamani aliyeipiga anaposahau. Iandikwe tarehe, mahali, aina ya gari, namba ya ushiriki na jina la mpigaji, kisha zitunzwe nakala mbili sehemu tofauti.

Wenye picha za zamani za mashindano haya wazitoe ukutani penye unyevu, waziweke kwenye bahasha kavu na kuandika nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza. Muhimu zaidi, wawaulize wazee waliokuwepo majina ya watu na mahali panapoonekana, wakati wazee hao bado wapo wa kujibu.