Jamvi la Karafuu na Daftari la Duka: Mfanyabiashara wa Pemba na Fedha Zake

Uchumi wa Pemba umeutegemea mkarafuu tangu karne ya 19, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa mzalishaji mkuu. Na kwa kuwa mti huo hauzai sawasawa, bali mwaka mkubwa hufuatwa na midogo, mwenye shamba hupata fedha nyingi kwa mkupuo, kisha hukaa muda mrefu akisubiri. Vitabu vya biashara hupenda kumsifu mjasiriamali kwa uthubutu wake, lakini Pemba uthubutu bila akiba haumfikishi mtu msimu wa pili.

Ugumu wenyewe huonekana shambani. Wachumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo kinachotumiwa tangu zamani, na hutaka ujira wao mapema, ilhali mwenye shamba bado ana kazi ya kuchambua, yaani kuzitenga karafuu na makonyo yake, kuzianika juu ya majamvi kwa siku kadhaa huku akizikimbilia kila wingu linapotanda, na kuzipeleka kwenye kituo cha ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo kwa miongo mingi limekuwa mnunuzi pekee kisheria. Kilo 3 hivi za karafuu mbichi hubaki kilo 1 zikishakauka. Asiyeweka fedha za kuwalipa wachumaji huuza mavuno yakiwa bado juu ya miti, kwa bei ya mwenye shida, na faida ya jua na jamvi humwendea mwingine. Madeni ya aina hiyo yaliwahi kuwalemea wenye mashamba kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia ardhi yao isiangukie mikononi mwa wakopeshaji.

Funzo la shambani lilisafiri pamoja na watu. Masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, Wapemba wengi walijiimarisha bara, na leo duka la Mpemba ni sehemu ya kawaida ya Kariakoo. Msingi wa maduka mengi ni mali kauli, yaani bidhaa anazopewa mtu bila kutoa fedha taslimu, kwa ahadi ya mdomo kwamba atalipa akishauza. Utaratibu huo hudumu kwa sababu anayedai na anayedaiwa aghalabu wana jamaa kijiji kimoja, na habari ya aliyevunja ahadi hufika Wete au Chake Chake kabla ya yeye mwenyewe kushuka bandarini. Kwa hiyo mwenye duka makini huyatenga mauzo ya siku na faida ya siku, na fedha ya mwenye mali haiguswi hata nyumbani kukiwa na haja. Wanaouita ubahili huenda hawajawahi kudaiwa na binamu.

Dini nayo imechangia kwa njia isiyozungumzwa sana. Zaka ya biashara, ambayo ni asilimia 2.5 ya thamani ya bidhaa na fedha zilizotimiza kiwango na kupitiwa na mwaka mmoja wa Kiislamu, haiwezi kutolewa kwa kukisia. Mwenye duka hulazimika kuhesabu shehena yake, kuithamini kwa bei ya soko, na kutazama anachodai na anachodaiwa. Hesabu hiyo humwonyesha kama mtaji umekua au umeliwa, jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulitambua pale tu rafu zinapobaki tupu.

Hata hivyo, mali kauli humfaa mwenye jamaa wa kumwamini, na wanawake wanaolima mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, mara nyingi hawamo katika mnyororo huo. Wao hutegemea zaidi vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyofuata mfumo ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991: wanachama hununua hisa kila kikao, hukopeshana kutokana na hisa hizo, na mwisho wa mzunguko hugawana. Fedha hukaa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo hushikwa na mtu wake, hivyo halifunguki mpaka wote watatu wawe wamefika.