Simu inaona ugonjwa wa muhogo hata pasipo rezo

Ndugu wanakooperative wa Uvira, Kiliba, Sange na Luvungi, muhogo unaweza kusimama vizuri shambani, lakini siku ya kuchimba unakuta mizizi imeoza ndani. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Unabebwa na nzi weupe, tena na vijiti tunavyopeana jirani kwa jirani. Kijiti kikiwa kigonjwa, jasho la mwaka mzima limepotea.

Juu ya hiyo, tunapenda mjue Nuru, programu ya simu za Android. Ilitengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na IITA. Ilifundishwa kwa picha za mihogo ya Tanzania, na inaongea Kiswahili na Kifaransa.

Je, simu ndogo inawezaje? Kazi ya kutambua picha ni hesabu nyingi sana, na kwa kawaida inataka mashine kubwa za mbali. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta miundo myepesi kama MobileNet, iliyotolewa na Google mwaka 2017, inayogawa hesabu vipande vidogo. Njia nyingine ni kupunguza namba zenyewe: pahali pa biti 32, kila namba inashikwa kwa biti 8, na mzigo unabaki robo. Ni kama kupima unga kwa kilo bila kuhesabu kila gramu. Hivyo betri haiishi haraka, na rezo haihitajiki shambani.

Lakini Nuru si mganga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa jani moja inapata sawa mara 65 kwa 100. Kwa majani sita ya mmea mmoja, inafika 74 hadi 88. Wakulima peke yao walipata 18 hadi 31. Dalili zikiwa bado ndogo, inaweza kudanganyika.

Basi tufanye hivi:

- Pakueni programu mkiwa mjini, penye rezo, na mchaji simu kabla ya kwenda shamba.
- Pimeni majani sita kwa kila mmea. Mozaiki huonekana zaidi kwa majani machanga ya juu. Michirizi kwa majani ya chini yaliyokomaa.
- Pimeni mbele ya kukata vijiti, si nyuma.
- Mkiwa na mashaka, mwiteni agronomu, na kijiti hicho msimpe jirani.