Dawa Mbili Katika Mwili Mmoja

Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kunena nanyi juu ya jambo ambalo wengi hawalifikiri: ya kuwa dawa moja yaweza kuiondolea nyingine nguvu zake, ingawa zote mbili ni njema.

Dawa nyingi tuzimezazo hupita katika ini. Humo mna vimeng'enya, navyo ni kama wakataji katika shamba la mkonge: huikata dawa kidogo kidogo, hata iwe tayari kutoka mwilini. Lakini ziko dawa ziliongezealo ini wakataji. Mojawapo ni rifampisini, ile iupayo mkojo rangi ya chungwa, ambayo mgonjwa wa kifua kikuu huimeza pamoja na nyingine, kwa desturi miezi 6. Wakataji wakiisha kuwa wengi, dawa nyingine ikiingia huondolewa kabla haijatimiza kazi yake.

Basi tazameni hatari yake. Mwenye virusi vya UKIMWI atumiaye dolutegraviri humeza miligramu 50 mara moja kwa siku. Akishikwa na kifua kikuu, hupewa 50 asubuhi na 50 jioni. Akiiacha ile ya jioni, virusi vyaweza kupata nguvu tena. Naye mama atumiaye vidonge vya kupanga uzazi aweza kushika mimba asiyoitazamia. Hata dawa mseto ya malaria, tuijuayo sana sisi wa Tanga, Muheza na Pangani, hupungua katika damu. Utafiti uliofanywa Uganda ulilionyesha hilo mwaka 2013.

Tena rifampisini ikiisha, wakataji hawatawanyiki siku ile ile. Kwa hiyo dozi ya jioni huendelea majuma mawili zaidi.

Je, tuiache dawa ya kifua kikuu? Hasha! Aiachaye hujihatarisha, na watu wa nyumba yake pia. Litakiwalo ni neno la kweli mbele ya tabibu. Uendapo zahanati, au Bombo, au Teule ya Muheza, zichukue dawa zako zote, hata za miti shamba, ukazionyeshe. Wengi huuficha ugonjwa mmoja kwa aibu wanapotibiwa mwingine, na tabibu hawezi kupima asichokijua.

Nanyi waalimu, yafundisheni haya pasipo kumwaibisha mgonjwa yeyote, ili watu wasiogope kusema.