Mwanga bila jua: kioo cha ukutani katika nyumba za Garissa

Ikifika adhuhuri Garissa, mapazia hufungwa. Joto limezidi, na heri kiza cha sebuleni kuliko jua la nje. Katika nyumba kama hizi kioo cha ukutani si pambo tu: kinaweza kusambaza mwanga chumbani bila kulikaribisha jua.

La muhimu ni mahali pa kukitundika. Ikweta inapita ndani ya kaunti hii, kaskazini kidogo ya mji, kwa hiyo jua huchoma kuta za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Kioo kinachotazamana na dirisha la magharibi kitawamulika wageni machoni. Madirisha ya kaskazini na kusini ndiyo yenye mwanga mpole. Fungua mapazia yake kidogo, kisha weka kioo kwenye ukuta wa ubavuni, karibu na dirisha. Mwanga utafika hadi pembe ya mbali.

Usisahau kibla. Kutoka Garissa, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Basi katika chumba cha kuswalia ukuta wa kaskazini uachwe mtupu, mwenye kuswali asishughulishwe na sura yake mwenyewe.

Tena, wageni wetu wengi huketi chini, juu ya magodoro na mito. Kioo kilichopimwa kwa kimo cha mtu aliyesimama kitawaonyesha dari. Kishushwe, na fundi akikaze vizuri watoto wasije wakakiangusha. Kukisafisha, tumia kitambaa chenye unyevu kidogo. Maji yakipenya nyuma, rangi ya fedha huharibika na madoa meusi hutokea.

Kupamba ukuta si jambo geni kwa Wasomali wa hapa. Katika aqal, nyumba ya wafugaji inayobebwa na ngamia, ukuta wenyewe ni mikeka iliyosukwa na wanawake, ambao ndio wajenzi wake. Ndani hutundikwa vyombo vya maziwa vya kusukwa, vingine vikirembwa kwa kauri. Hakuna picha ya kiumbe, na bado nyumba inapendeza.

Kwa hiyo kabla ya kununua kioo kikubwa, zunguka sebuleni na kioo kidogo mkononi saa sita mchana, uone mwanga unaangukia wapi. Ukishapata mahali pake, tundika kando yake mkeka aliousuka mama au bibi. Kazi ya mikono yao haistahili kufungiwa stoo.