Barafu Haimponyi Samaki Aliyekwisha Kuharibika

Wachuuzi wengi wa samaki hudhani kwamba barafu ni dawa: samaki ashinde juani, kisha jioni atiwe barafu, naye atakuwa mzima. Sivyo. Barafu huchelewesha uharibifu. Haiwezi kuurudisha nyuma.

Samaki akiisha kufa, vijidudu vilivyomo katika ngozi, mashavu na matumbo yake huanza kuishambulia nyama. Joto ndilo liwapalo nguvu. Barafu inayoyeyuka ina joto la digrii 0 za Selsiasi. Samaki akiwekwa penye digrii 5 huharibika upesi zaidi ya mara 2 kuliko penye barafu. Penye digrii 10, yapata mara 4. Yaani siku 1 penye digrii 10 humpunguzia siku 4 za barafu. Nasi twajua kwamba adhuhuri ya Kisumu au Homa Bay hupita digrii 10 kwa mbali sana.

Samaki wa nchi za joto wana bahati. Wengi wa samaki weupe wa bahari za baridi za Ulaya hufikia mwisho wao barafuni katika muda wa wiki 2 hivi. Lakini sangara wa Ziwa Viktoria aweza kufaa kuliwa hata baada ya wiki 3, ijapokuwa utamu wake hupungua mapema kuliko hapo. Hesabu hiyo ni ya samaki aliyetiwa barafu mara tu atolewapo majini.

Watu wa pwani wana sababu kubwa zaidi ya kufanya haraka. Jodari na vibua wakikaa jotoni, vijidudu hufanya nyamani mwao sumu iitwayo histamini. Mwenye kuila huiva uso, huwashwa mwili, huumwa kichwa, na pengine hutapika na kuhara. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala kukaanga, wala barafu iliyochelewa.

Basi mvuvi na achukue barafu chomboni mwake, iliyofanywa kwa maji safi. Aipondeponde, apange tabaka ya barafu na tabaka ya samaki, kilo 1 kwa kilo 1, na kuwafunika wasipigwe na jua. Sanduku liwe na matundu chini, maji machafu yatoke. Barafu ikipungua, iongezwe. Iliyotumika isitumiwe tena.

Naye mnunuzi asitazame barafu, amtazame samaki. Macho yawe yametokeza na kung'aa, mashavu yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi. Mwenye macho yaliyozama na harufu kali aachwe, hata akiwa amezikwa katika barafu.

Ni kweli kwamba barafu ina gharama. Lakini samaki aliyetupwa ana gharama kubwa zaidi, na maji yakimwagika hayazoleki.